Jina la Kanga na Wasomaji Wake wa Mtoni

Mwanamke wa Mtoni atokapo kwake asubuhi kwenda gengeni kununua nyanya na dagaa, husomwa mgongoni kabla hajaulizwa hali. Wanaomsoma ni wale walioketi barazani kusukana nywele na kuchambua mchele, na usomaji wao hauna pupa: hungoja apite, kwa kuwa jina la kanga, nguo ikifungwa kama inavyopasa kufungwa, huangukia nyuma, mahali ambapo mwenye kuvaa peke yake ndiye asiyeweza kuliona. Akishapita hatua tano sita, wale wa barazani huulizana kwa sauti ya chini: leo kamvalia nani?

Swali hilo ni la maneno matatu, lakini mgeni asiyelielewa ataishi Mtoni miaka kumi asijue majirani zake wanapatana au wanateta. Kuvaa ni kujisitiri. Kumvalia mtu ni kumpelekea risala bila ya karatasi, bila ya mjumbe na, lililo kubwa kuliko yote, bila ya ushahidi.

Mtoni ninayoisema ni ile ya Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa, ambako maji ya Mto Kizinga hukaribia kukutana na ya bahari, na ambako sehemu yake moja ingali ikiitwa kwa Aziz Ali, baba wa Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Wazaramo ndio wenyeji wake wa kale, nao wamechanganyika na Wandengereko, Wamatumbi, Wamakonde, Waunguja na watu wa kila kabila lililoingia jijini kutafuta riziki. Nyumba zake nyingi ni zile zenye ukumbi katikati na vyumba vitatu vitatu vikitazamana, na nyuma yake ua wenye jiko, choo, bomba na kamba ya kuanikia nguo. Wapangaji wa nyumba hiyo, ambao aghalabu hawakuchaguana, hupikia pamoja, huuguzana na huzikana. Katika maskani ya namna hii ugomvi wa waziwazi ni balaa, maana waliotukanana asubuhi hawana budi kupishana mlangoni mwa choo jioni. Kwa hiyo watu wakajitungia ugomvi wa kimya, wenye adabu zake na mipaka yake.

Chombo cha ugomvi huo ni doti ya kanga, yaani pande mbili zilizofanana, kila mmoja ukiwa na urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Una pindo lizungukalo pande zote nne, una mji katikati, na chini ya mji, ndani ya kisanduku chembamba, ndimo lilimoandikwa jina. Wazee wa pwani husimulia kuwa katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso kwa jora, neno lenyewe la leso likiwa tumeachiwa na Wareno, wakazikata sita sita na kuziunga tatu juu na tatu chini zikawa nguo moja. Na kwamba zile za mwanzo zilizopigwa chapa nzimanzima zilikuwa na madoadoa, ndipo zikafananishwa na yule ndege kanga. Jina lilikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Mombasa alikuwako mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, ambaye chapa yake ya Mali ya Abdulla haijatoweka sokoni hata leo. Nguo hizo zilichapwa India, Uholanzi, Uingereza na Japani kabla hatujapata viwanda vyetu wenyewe, kama kile cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Sheria ya kwanza ya kumvalia mtu ni kwamba hakujibiwi kwa mdomo. Anayejibu kwa mdomo ameungama kuwa maneno yamemhusu, naye ataulizwa mara moja, kwa upole unaochoma kuliko tusi: kwani umeona jina lako hapo? Kanga hujibiwa kwa kanga, na jibu likikawia siku mbili tatu si kosa, kwa kuwa kila mtu anajua jibu zuri hutafutwa.

Niliwahi kushuhudia, katika nyumba niliyopanga, wapangaji wawili waliokosana kwa sababu ya zamu ya bomba. Jumamosi mmoja wao akaanika kanga iliyoandikwa Hasidi hana sababu, akaitandaza kambani hata jina likaelekea dirisha la mwenziwe. Mwenziwe hakusema neno. Jumatatu alikwenda Kariakoo, akarudi jioni na doti mpya, akampa fundi cherehani wa kibarazani aikate na kuipinda, na Jumanne alfajiri alikuwa uani akifagia, mgongoni pake pameandikwa: Sisi sote abiria dereva ni Mungu.

Hapo ndipo kazi ya wafasiri ilipoanza. Wa kwanza akasema haya ni maneno ya suluhu, mtu amemwachia Mola wake, na shauri limekwisha. Wa pili, mwanamke wa makamo aliyekuwa kungwi, akatikisa kichwa. Akawakumbusha wenziwe kwamba yule aliyeanika hasidi ni mke wa dereva wa daladala, na kwamba dereva huyo hajapata kumtoza nauli jirani mwenye kanga mpya, hata siku moja, masika na kiangazi. Basi abiria ni nani hapo, na dereva ni nani? Wote wakanyamaza. Wa tatu, binti mwenye macho makali, akahesabu maua ya pindo la chini alipopita, akapata kumi na moja, akasema tarehe kumi na moja ndiyo usiku ule gari lilipodaiwa kulala gereji na dereva asionekane nyumbani. Mwenye kanga alipodokezwa habari hizi alijibu kwamba aliipenda rangi. Jibu hilo halikumfaa kitu, maana nani atapanda basi hadi Kariakoo, katika jua lile na msongamano ule, kwa ajili ya rangi?

Nilipokuwa nikilisikiliza shauri hilo nilikumbuka kisa cha jalada la santuri kilichowashughulisha Wazungu. Tarehe 8 Agosti 1969 mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara moja ya London iitwayo Abbey Road, akawapiga picha vijana wanne wa Beatles wakivuka kwenye kivuko cha milia. Santuri ilitoka Septemba. Ilipofika Oktoba, kwa maneno yaliyoanzia redio moja ya Detroit, Marekani nzima ikawa baraza. Paul McCartney, wakasema, alikwisha kufa zamani na huyu ni mtu aliyefananishwa naye. Hana viatu, kama maiti. Amekosana hatua na wenziwe. Ameshika sigara kwa mkono wa kulia, ilhali anajulikana kuwa mtu wa shoto. Lennon aliyevaa nyeupe ni kasisi, Ringo mwenye nyeusi ni mtu wa mazishi, na Harrison mwenye nguo za kazi ni mchimba kaburi. Nyuma yao imeegeshwa Volkswagen ambayo namba yake, 281F, ilisomwa 28IF, na kwa kuwa IF kwa Kiingereza ni kama, tafsiri yake ikawa: angekuwa na miaka 28 kama angalikuwa hai. Kwa hesabu sahihi angekuwa na 27, lakini mfasiri aliyekwisha kupata alichokitaka hasumbuliwi na hesabu. Jarida la Life likamfuata Paul shambani kwake Scotland, akasema yu hai. Wenye imani wakasema ndivyo ambavyo yule wa bandia angesema. Miaka ikapita, na mnamo 1993 mwenyewe akaifanyia mzaha habari hiyo, akatoa albamu aliyoiita Paul Is Live, akionekana jaladani anavuka barabara ile ile pamoja na mbwa.

Iko namna nyingine pia ya kuficha, nayo ameionyesha mtu wa kwetu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, aliichorea bendi yake ya Queen nembo ambayo toleo lake moja lilipamba jalada la A Night at the Opera mwaka 1975: simba wawili, kaa mmoja na mabinti wawili wenye mbawa. Ni nyota za wale wanne, wawili wa nyota ya Simba, mmoja wa Kaa na yeye mwenyewe wa Mashuke. Hapa mchoraji alikusudia, na alilolikusudia linajulikana, basi mjadala hauna pa kwenda. Fumbo lenye ufunguo mlangoni halikeshi.

Sasa, nikiwaweka wasomaji wa majalada yale upande mmoja na wa Mtoni upande wa pili, naona wa Mtoni wamewazidi wenzao kwa jambo moja. Wale waliamini kuwa batini imetiwa na mtengenezaji, hivyo wakamwandama mtengenezaji awatolee siri, na alipokana wakamwita mwongo. Mtu wa Mtoni hana habari na mtengenezaji. Anajua fika kwamba aliyelitunga jina kiwandani hamjui dereva wala mke wa dereva, na kwamba doti elfu kadhaa za namna ile ile zimekwenda Tabora, Mtwara na Pemba zikavaliwa kwa amani. Kwake yeye maana huingia katika nguo siku ilipotoka dukani, na hutegemea imevaliwa na nani, siku gani, mbele ya mlango wa nani, baada ya neno gani. Kanga moja huwa dua Tandika na tusi Mtoni. Ndiyo sababu hata yule binti aliyehesabu maua sikumcheka sana: alipotea katika hesabu, hakupotea katika mahali pa kutazama.

Jicho hili hufunzwa mapema. Mwali wa Kizaramo aliyewekwa ndani katika siku za zamani alipewa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, akikitunza kama mtoto, na somo wake akamfunza mambo ya nyumba kwa ishara na nyimbo ambazo maneno yake si maana yake. Alipotolewa nje alikuwa amekwisha kujua kwamba katika dunia ya watu wazima jambo zito halitajwi kwa jina lake. Mambo ya shanga na rangi zake nayaacha. Si ya kuandikwa na mwanamume.

Taarabu nayo imejengwa juu ya msingi huo. Miaka ya 1990, waimbaji Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis Kidogo wa kundi la Muungano walipokuwa wakishindana, ukumbi mzima ulitega sikio kujua kijembe kimemwangukia nani. Lakini shauri la kweli halikuwa jukwaani. Mwanamke wa kawaida huinuka kitini pake ubeti unapofika mahali anapopataka, akaenda kumtunza mwimbaji noti moja, taratibu, akizunguka kwa njia ndefu ipitayo mbele ya meza fulani. Hajatunga wimbo wala hajaimba, ila kwa noti ile ameununua ubeti ukawa wake kwa dakika mbili, na aliyelengwa amekwisha kujijua.

Wala siandiki haya kwa kusikia tu. Nilipokuwa bado mgeni wa ndoa nilimpelekea mama mkwe doti moja ambayo niliichagua kwa uzuri wa korosho zilizochorwa mjini mwake kwa rangi ya zafarani; ilikuwa imekunjwa, jina likawa ndani, nami sikuifunua. Akaifunua yeye, mbele ya wageni, na shemeji yangu mdogo aliyekuwa darasa la tatu na mwenye kiherehere cha kusoma akasoma kwa sauti: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu. Kabla ya Ijumaa kulikuwa na tafsiri tatu mtaani, moja ikisema nataka kurudishiwa mahari, nyingine kwamba nimelijua jambo fulani la mke wangu, na ya tatu siwezi kuitaja. Nikaapa kuwa sikusoma. Nikaambiwa karani wa kuajiriwa hawezi kushindwa na maneno manne.

Mama mkwe hakusema neno. Wiki ya tatu akaja kumtazama mwanawe, nikamwamkia shikamoo mama akaitikia kama ada yake, na alipogeuka kuingia ndani nikamsoma mgongoni: Wema hauozi. Mke wangu alisema huo ni msamaha. Dada yangu alisema ni deni. Doti yangu hakuivaa mbele ya macho yetu hata siku moja, wala hakuitoa sadaka. Tulipofungua sanduku lake baada ya arobaini ili tugawe nguo, ilikuwa juu kabisa, imekwisha kukatwa na kupindwa.