Alama ya Sawasawa Si Amri

Mwandikie mtoto wa darasa la nne swali hili: 8 + 4 = □ + 5. Usishangae akiandika 12 na kukurudishia kalamu. Mwingine atajumlisha kila namba anayoiona, apate 17. Jibu ni 7.

Mwaka 1999 watafiti watatu wa Marekani, Karen Falkner, Linda Levi na Thomas Carpenter, walichapisha majibu ya swali hilo kutoka darasa la kwanza hadi la sita. Waliopata 7 hawakuzidi asilimia 10 katika rika lolote, na wa darasa la tano na la sita kwa pamoja ndio walioboronga kuliko wote. Kujumlisha walikuwa wanajua. Ila miaka ya kuandika 3 + 2 = ilikuwa imewazoesha kuisoma alama ya = kama amri: toa jibu. Mtoto wa namna hiyo, siku akikutana na x + 3 = 2x − 1, anakutazama kama aliyetegwa kitendawili na hana hata mji wa kutoa.

Mtazame sasa mwenzake aliyeelewa. Hajumlishi. Anaona 5 imezidi 4 kwa moja, basi kisanduku lazima kipungue 8 kwa moja. Hapo hakuna x, wala ile kanuni ya "hamisha upande, badili alama", na tayari hiyo ni aljebra. Anafanya anachofanya muuza duka mwenye mizani ya mawe: macho yake yako kwenye pande mbili, zimelingana au hazijalingana.

Jina aljebra lenyewe limebeba maana hiyo. Kitabu cha mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne ya 9, kilitaja kazi mbili: al-jabr, kurudisha kilichopunguzwa, na al-muqabala, kuzikabilisha pande mbili. Hilo la pili ni ndugu wa "mkabala" wetu.

Sisemi jedwali la kuzidisha litupwe. Anayehangaika na 7 × 8 hana nafasi kichwani ya kuwaza uhusiano wa namba. Lakini kungoja hadi Kidato cha Kwanza kufundisha uhusiano huo ni kuchelewa, hasa Tanzania, ambako wengi huanza hapo kusoma hisabati kwa Kiingereza.

Jioni ya leo mwandikie mwanao 67 + 86 = 68 + □, mnyang'anye kalamu, kisha mwulize amejuaje. Usimsahihishe kabla hajamaliza kueleza.