Oili ya injini ibadilishwe kila baada ya muda gani? Hesabu kwa madereva wa Rumonge na ufuko wa Tanganyika

Mjini Rumonge neno "mafuta" lina maana tatu. Kwa mkulima wa michikichi ni mawese. Kwa dereva anayeulizia kituo kilichopata shehena ni petroli au mazutu. Kwa fundi wa gereji ni oili ya injini. Mafuta ya pili yakikosekana kila mtu hujua, kwa kuwa gari husimama. Yale ya tatu yakichakaa hakuna anayeona, kwa kuwa gari huendelea kutembea, hadi siku injini inaponoki.

Ndiyo maana swali la lini oili ibadilishwe, kazi ambayo gereji nyingi za Burundi huiita vidanji, huzua ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema kila kilomita 3,000. Wengine hushikilia 5,000. Mwenye kitabu cha gari huonyesha 10,000 au hata 15,000. Anayewahi mno humwaga fedha pamoja na oili ambayo ingali na uhai. Anayechelewa huhatarisha injini, na kwa dereva wa teksi injini ndiyo chakula cha watoto.

Je, nani mwenye haki? Jibu ni kwamba wote wanaweza kuwa nayo, kila mmoja kwa gari lake na njia yake.

Oili hufanya kazi gani, na kwa nini huchakaa?

Watu wengi wanajua kwamba oili hulainisha vyuma vinavyosuguana. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Oili pia hubeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huziba mwanya mwembamba kati ya ringi za pistoni na silinda, hukusanya masizi na unga wa chuma, na huua makali ya asidi zinazozaliwa petroli au mazutu inapoungua.

Kwa ajili ya kazi hizo, kiwanda huchanganya oili na kemikali za nyongeza. Hizo ndizo zinazokwisha kwanza. Joto huifanya oili iungane na hewa na kuwa nzito. Vumbi, masizi, matone ya petroli na mvuke wa maji huichafua. Mwishowe hubaki kimiminika ambacho bado kinateleza vidoleni lakini hakiwezi tena kusafisha wala kuilinda injini.

Rangi peke yake si ushahidi. Oili ya injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Oili ya injini ya petroli inaweza kuonekana ya kahawia na ilhali imekwisha nguvu. Anayeamua kwa macho tu atakosea mara nyingi, kwa kuwahi au kwa kuchelewa.

Namba hizi zimetoka wapi?

Kanuni ya kilomita 5,000 inafanana na mazoea ya zamani ya Marekani ya kubadili oili kila maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800. Ilifaa enzi za oili duni na injini za kabureta. Tangu hapo oili na injini zote zimeboreka.

Upande wa pili ni maelekezo ya watengenezaji. Magari mengi yanayopita Rumonge, yakiwemo Probox zinazobeba abiria, ni Toyota zilizotumika kwanza Japani. Huko kwao, Toyota huelekeza kwamba injini ya petroli isiyo na tabo ibadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Lakini maelekezo hayohayo yana sharti ambalo mnunuzi wa Burundi huenda asilione, kwa kuwa kitabu cha gari kimeandikwa kwa Kijapani: gari likitumika katika mazingira magumu, muda hukatwa nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi 6. Kwa injini ya petroli yenye tabo, muda wa kawaida ni kilomita 5,000 au miezi 6, nao pia hukatwa nusu.

Mazingira magumu ni yapi? Ni barabara mbovu, vumbi au matope, safari fupifupi za mara kwa mara, mwendo wa polepole na kusimama huku injini ikinguruma, milima mingi, na kilomita nyingi mno kwa mwaka.

Barabara ya ufukweni na barabara ya mlimani

Rumonge iko takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3, inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac na kuendelea kuelekea mpaka wa Tanzania. Uso wa ziwa uko zaidi kidogo ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Anayekata kushoto kuelekea Bururi hupanda hadi zaidi ya mita 1,700, mara nyingi akiwa amejaza abiria, ndizi au magunia.

Hapa ndipo hesabu ya kilomita peke yake inapodanganya. Kilomita 75 za ufukweni, zikiendeshwa kwa mwendo wa kadiri mahali barabara ilipo nzuri, haziiumizi sana oili. Injini hupata joto lake kamili, maji na petroli vilivyoingia ndani ya oili hugeuka mvuke na kutoka. Kilomita hizo hizo zikienda kwenye mpando wa Bururi gari likiwa limelemewa, oili hupikwa.

Teksi inayozunguka kati ya soko, bandari na mitaa ya mji ina taabu nyingine. Haiendi mbali, kwa hiyo mita ya mwendo husogea taratibu na mwenyewe hudhani oili bado ni mpya. Kumbe injini huwashwa na kuzimwa mara nyingi, na pengine haipati nafasi ya kukausha unyevu. Na saa ya kungoja abiria injini ikiwa imewashwa haiongezi hata kilomita moja kwenye mita. Kampuni ya Ford, kwa baadhi ya magari yake ya kazi, huhesabu saa moja ya kunguruma bila kutembea kuwa sawa na maili 25 hadi 33, yaani kilomita 40 hadi 53.

Uhaba wa petroli, ambao mwaka 2024 ulifanya magari mengi nchini yalale majumbani kwa siku nyingi, umeongeza sura ya tatu. Gari lililoegeshwa halichomi oili, lakini oili iliyotumika tayari ina asidi na unyevu, navyo huendelea kuvila vyuma taratibu. Gari la namna hiyo lifuate kalenda, si mita. Aidha, petroli ya madumu ambayo asili yake haijulikani inaweza kuwa na maji au imechanganywa na mafuta ya taa. Ukinusa kijiti cha kupimia oili na kikakupa harufu kali ya petroli, usingoje kilomita zitimie.

Tufanye hesabu

Chukua mifano mitatu, yote ikiwa na injini ndogo ya petroli isiyo na tabo na oili ya kiwango kinachotakiwa.

Wa kwanza ni dereva anayekwenda Bujumbura na kurudi mara mbili kwa siku. Hizo ni kilomita 300. Akifanya kazi siku sita, ni 1,800 kwa wiki. Atafikisha 5,000 baada ya siku 17 hivi za kazi, na 7,500 baada ya siku 25. Kwa mwaka atapita kilomita 93,000. Akibadili kila 5,000 atafanya hivyo karibu mara 19; akibadili kila 7,500, ni mara 12 au 13. Injini ya lita 1.5 iliyomo katika Probox nyingi hutumia takriban lita 3.7 za oili pamoja na chujio. Tofauti ya mwaka mzima inazidi lita 20. Kwa gari zima, oili bora na barabara ya ufukweni, 7,500 ni uamuzi wa busara. Kwa injini kongwe, oili ya bei nafuu au safari za Bururi, 5,000 si uoga.

Wa pili ni dereva wa teksi ya mjini anayefanya kilomita 60 kwa siku. Akingoja 7,500 atakaa siku 125 za kazi, takriban miezi mitano. Yeye ndiye anayestahili kushika 5,000, yaani siku 83 za kazi, hata kama jirani yake wa njia ndefu anavuka hapo bila madhara.

Wa tatu ni mwalimu au muuguzi mwenye gari lake, asiyepita kilomita 100 kwa wiki. Katika miezi sita atakuwa amefikisha 2,600 tu. Kwake mita haina la kusema. Abadilishe mara mbili kwa mwaka, au walau mara moja ikiwa safari zake nyingi ni ndefu na tulivu.

Kijiti kabla ya kalenda

Kubadili kwa wakati hakutoshi. Injini nyingi kongwe hula oili, na inaweza kukauka kabla ya siku ya gereji kufika. Kwa hiyo pima kila wiki, na gari la abiria lipimwe kila asubuhi. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe dakika kadhaa, kijiti kifutwe, kirudishwe, kitolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu nako ni hatari, kwani oili huchapwa hadi ikatoa povu.

Kuongezea si kubadili. Anayejaza nusu lita kila wiki huongeza kiasi, lakini uchafu wa zamani hubaki ndani. Chujio nalo libadilishwe pamoja na oili. Chujio lililoziba hupitisha uchafu wote.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaka 2024 ziwa lilipofurika na kuingia katika makazi na barabara za ufukweni, kuanzia Gatumba hadi Rumonge, magari yaliyopita majini yalikabiliwa na hatari hiyo. Gari lililozama lisiwashwe kabla fundi hajakagua oili. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, maana yake ni kwamba shinikizo la oili limeanguka. Simama na uzime injini papo hapo. Kilomita mbili za kukaribia gereji zinaweza kugharimu injini nzima.

Oili ipi?

Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kifuniko cha oili, kwa mfano 5W-30. Wengi huamini kwamba joto la bonde la Imbo linadai oili nzito, lakini injini za kisasa zina njia nyembamba zinazohitaji oili nyepesi ifike upesi. Uzito uongezwe tu pale kitabu kinaporuhusu. Nunua chombo chenye lakiri isiyoguswa, kwani chupa ya jina kubwa ikiuzwa kwa bei ya kushangaza huenda imejazwa oili iliyotumika.

Wenye pikipiki wasitumie oili ya gari ovyo: katika pikipiki nyingi oili hiyo hiyo hulowesha klachi, na aina isiyofaa huifanya iteleze. Wavuvi wenye mashine za boti za mipigo minne wahesabu saa. Mashine nyingi hutaka mabadiliko kila saa 100 za kazi. Mashine za mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo hazina oili ya kumwagwa.

Oili chafu isirudi ziwani

Kila mabadiliko huacha lita tatu, nne au zaidi za oili chafu, yenye metali na sumu za moshi. Ikimwagwa kando ya barabara, mvua huipeleka ziwani. Tanganyika lina karibu asilimia 17 ya maji baridi yaliyo juu ya ardhi duniani, lakini hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Na katika vijiji vingi vya ufukweni maji hayo huchotwa kwa ndoo kwa ajili ya kunywa na kupika.

Kwa hiyo, mwulize fundi wako oili ya zamani anaiweka wapi. Ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na mfereji, na isichanganywe na maji wala petroli ili iweze kuchukuliwa na wanaoitumia upya. Isitumike kabisa kwenye vyombo vya chakula, hata vikioshwa. Dumu la oili lisije likajazwa mawese.

Uamuzi kwa ufupi

Tafuta kwanza mtengenezaji anasema nini. Ikiwa gari lako hufanya safari fupi, hupanda milima, hubeba mizigo au hupita kwenye vumbi, kata muda huo nusu. Weka mipaka miwili, wa kilomita na wa miezi, na utii unaotangulia. Pima kijiti kila wiki. Kisha andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti. Ikiwa gari lina mwenyewe na dereva wa kukodi, karatasi hiyo itawaepusha na ugomvi, maana kila mmoja atajua zamu ya kununua oili inafika lini.