Upole wa Moshi: Biri, Ulimi na Karafuu

Katika pwani ya Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, wageni hufika kuyatazama magofu ya shule ya wasichana waliookolewa katika utumwa, na mahali ambapo John Kirk, tabibu, mwanabotania na konseli wa Uingereza wa karne ya 19, alipanda bustani yake ya mimea. Si ajabu kumkuta mmoja wao amewasha biri, yaani majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa na kufungwa kwa jani jingine la tumbaku badala ya karatasi. Akiulizwa sifa yake, hujibu kuwa ni biri bora, tena laini. Je, kilicho laini kinywani ni laini pia mwilini?

Jani na moshi wake

Nikotini hutengenezwa katika mizizi ya mtumbaku, kisha hupanda majanini. Majani ya juu, yapatayo jua jingi, huwa mazito na makali. Ya chini huwa mepesi. Mtengenezaji wa biri laini hutumia zaidi yale mepesi, na kwa jani la nje huchagua lenye rangi hafifu, ambalo mara nyingi hukuzwa chini ya kivuli cha vitambaa. Majani hukaushwa kwa hewa, kisha hurundikwa yachachuke. Joto la rundo hupunguza amonia pamoja na sehemu ya nikotini, na ukali hupungua.

Tulinganishe na tumbaku ya mvuke ya Tabora. Hiyo hukaushwa ndani ya mabani, hubaki na sukari nyingi, na moshi wake huelekea kuwa wa asidi. Tumbaku ya biri hupoteza karibu sukari yake yote, na moshi wake huwa wa alkali. Tofauti hii ni kubwa: katika hali ya alkali, nikotini hupenya utando wa kinywa kwa urahisi. Kwa hiyo mvuta biri hupata nikotini hata asipouvuta moshi hadi mapafuni.

Mashahidi watatu

Mwonjaji hodari huujaza mdomo moshi, huutuliza kidogo, kisha hutoa sehemu yake kwa njia ya pua. Hapo huwasikiliza mashahidi watatu. Ulimi humweleza utamu, uchungu, uchachu na chumvi. Pua humpa harufu: mbao, kahawa, karanga, ngozi. Shahidi wa tatu ni neva ya tano ya kichwa, inayohisi muwasho, joto na ubaridi. Biri huitwa laini hasa pale shahidi huyu wa tatu anapokuwa na machache ya kusema.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila tumbaku yoyote. Mwanafunzi azibe pua, atafune punje moja ya karafuu. Atahisi uchungu, ukali na ganzi, lakini harufu ya karafuu hataipata. Akiachia pua, harufu humjia mara moja.

Ushahidi wa karafuu

Ganzi hiyo yatoka kwa eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Waganga wa meno wameitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu. Nchini Indonesia karafuu iliyokatwakatwa huchanganywa na tumbaku kutengeneza sigara ziitwazo kretek, na katika miaka ya 1970 viwanda hivyo vilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar. Katika sigara hizo eujenoli hulitia koo ganzi, na moshi huonekana mpole. Nikotini na lami havikuondoka. Aliyenyamazishwa ni shahidi tu.

Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha ya karafuu mwaka 2009, kwa kuwa ladha za namna hiyo huwavutia vijana. Baadaye baadhi ya watengenezaji walizifunga kwa jani la tumbaku na kuziuza kama biri ndogo.

Hukumu na kipimo

Basi, neno "laini" ni hukumu ya hisi, nayo ni ya kweli katika mipaka yake: hueleza muwasho na harufu. Haielezi kiasi cha sumu. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara, na moshi wake, hata ukiwa mtamu namna gani, una monoksidi ya kaboni na kemikali ziletazo saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Mambo hayo hupimwa kwa vyombo vya maabara na kwa kuwafuatilia wavutaji kwa miaka mingi. Ulimi hauna uwezo huo, na kijana anayeambiwa kwamba moshi fulani hauumi amepewa habari za koo lake peke yake.