Kutandaza Nyaya za Umeme kwa Gharama Nafuu

Chama cha msingi kinapoamua kuingiza umeme katika ofisi, ghala au karakana yake, Kamati hupaswa kuchagua njia ya kutandaza nyaya. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni nyaya zenye ganda maradufu, zinazobanwa ukutani kwa klipu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, nayo yafaa ofisi na nyumba kavu. Ghalani haifai, kwani panya hutafuna ganda, na nyaya zilizo wazi zikigusana huweza kuunguza mazao ya wanachama.

Ya pili ni kupitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki. Gharama huongezeka, lakini nyaya hulindwa, na zikichakaa hubadilishwa pasipo kubomoa ukuta.

Ya tatu ni mabomba ya chuma. Ni ghali, na sharti yaunganishwe na waya wa ardhini. Hufaa karakanani, mahali vyombo vizito huweza kugonga ukuta.

Chama chaweza kuokoa fedha kwa kuweka chuma pale tu panapogongwa, na plastiki kwingineko. Lakini kisipunguze unene wa waya: kwa kawaida taa huhitaji milimita za mraba 1.5, na soketi 2.5. Waya mwembamba kuliko mzigo wake hupata moto. Wala waya wa ardhini na fyuzi visiachwe.

Katibu adai makadirio ya maandishi kutoka kwa wakandarasi watatu wenye leseni ya EWURA, yakitaja aina na unene wa waya. Makadirio yasiyotaja hayo hayawezi kulinganishwa.