Gari Lilizima Jangwani, Siri Ikaelea

Zipo sehemu nzuri za kumwambia mumeo ukweli. Katikati ya maji ya Jangwani, saa mbili usiku, si mojawapo.

Ilikuwa Aprili 2024, masika iliyofuata zile mvua za El Niño. Tulikuwa tumetoka kununua mashuka Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. (Mimi Simba damu, yeye Yanga, kwa hiyo tukipita pale klabuni kwetu lazima anune kidogo.) Kariakoo mvua ilikatika tangu alasiri. Tulipofika Fire mwenzangu akasema, "Mama, tuzungukie Upanga, tukatokee Selander." Nikamwambia twende zetu bwana, kwani mvua yenyewe iko wapi?

Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge. Mto Msimbazi hauanzii Kariakoo. Unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha huko juu, Jangwani inajaa hata kama mjini vumbi linatimka. Na sisi si wageni: Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 Dar, familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tulikuwepo, tuliona.

Daladala moja likatupita kwa fujo, likasukuma wimbi. Kigari chetu kikakohoa mara mbili, kimya. Mwenzangu akapiga stata. Ko! Mlio kama wa nyundo. Akataka kurudia.

"Bro, usiwashe! Utaua injini!" Kijana wa mkokoteni, maji yamemfika mapajani.

Baadaye fundi mmoja wa Gerezani alinielewesha. Gari nyingi ndogo zinavutia hewa kwa chini, karibu na taa za mbele. Injini imezoea kubana hewa, maji hayabaniki. Ukilazimisha stata, pistoni inagonga maji na konrodi inapinda. Gari likizima majini, liache hivyo hivyo, livutwe hadi pakavu, plagi zing'olewe, maji yatolewe kwenye silinda. Kisha angalia oili. Ukikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

Lakini hayo sikuyajua usiku ule. Maji yalishaanza kulowesha kapeti, kiatu changu kimoja kinaelea, mwenzangu akanishika mkono. "Usijali, tuna bima kubwa."

Jamani.

Januari alinipa hela ya bima kubwa. Mimi nikakata bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu, na iliyobaki nikarejesha mkopo wa kikoba. Mkopo wenyewe hakuujua. Nilimkopea mdogo wangu ada ya chuo, nikajisemea nitaiziba pengo kabla ya mtu kuuliza.

Nikamwambia yote, harakaharaka, huku nikitazama mbele. Hakujibu. Alishusha kioo, akapatana na vijana elfu ishirini, akakunja suruali, akashuka kusukuma nao.

"Weka nyutro. Shika usukani vizuri." Basi.

Kuna upweke wa aina yake kukaa nyuma ya usukani wa gari lililozima, huku kwenye kioo unamwona mume wako kalowa chapachapa, anasukuma. Nilitamani anifokee.

Tulipofika Fire alikamua shati, kisha akauliza, "Mdogo wako amebakiza mihula mingapi?"

"Miwili."

"Sasa kwa nini nisijue?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikilitafuta naona nina visingizio tu.

Konrodi mbili zilikuwa zimepinda. Tuliuza friza, tukaongezea akiba, tukanunua injini ya mtumba. Miezi mitatu tulipanda daladala pamoja. Wiki za mwanzo yeye alitazama dirishani, mimi simu. Ilifika mahali tukaanza kugombea siti, halafu kucheka.

Januari 2025 tulikwenda wote wawili kukata bima. Tukiwa kwenye foleni, fomu mkononi, ndipo aliponiambia kwamba na yeye ana kikoba chake kazini. Mwaka wa tatu huo.