Krosi mbovu haiko Sokoine tu, hata chini ya gari ipo

KYELA. Simba au Yanga ikiwa na mechi Sokoine jijini Mbeya, huku Kyela hakulaliki. Kuanzia Matema, Ipinda na Itungi hadi Kasumulu mpakani, watu wanachanga hela ya mafuta, wanaulizana jezi na wanasaka gari la kuwapandisha mlimani.

Safari yenyewe si ya kitoto. Maji ya Ziwa Nyasa hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, wakati Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda, kona juu ya kona, kupitia Tukuyu. Wakongwe wa msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, wanaijua vizuri barabara hiyo.

Sasa wapo wanaokwenda na Land Cruiser za 'mkonga' zilizoinuliwa. Huko bondeni zina heshima yake. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inajaa na njia za kwenye mashamba ya mpunga zinageuka uji. Mwenye gari anaongeza springi, anaweka bloku za chuma na tairi kubwa. Gari linapita.

Tatizo linaanza likikanyaga lami. Spidi 60 halina neno. Likigusa 80, sakafu inatetemeka, viti vinalia na kioo cha ndani kinacheza kiduku. Dereva anawaambia abiria, "Tulieni, ni tairi tu." Mara nyingi si tairi.

IKO HIVI

Chukulia gari ni timu. Injini na giaboksi wanatengeneza mpira, difu ya nyuma ndiyo straika, na katikati kuna kiungo anayeitwa propela. Kila ncha ya propela ina krosi, kile chuma chenye mikono minne kinachoiruhusu izunguke huku imeinama.

Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Gari halitetemeki kwa sababu krosi ya upande wa pili, ikiwa na pembe ileile, inafanya kinyume chake na kuufuta ule mshtuko. Ni kama mabeki wawili wa kati: mmoja akipanda, mwenzake anabaki. Wakipanda wote, kipa anajua kitakachotokea.

Na hesabu yake si ndogo. Difu yenye uwiano wa 4.1 maana yake gurudumu likizunguka mara moja, propela imezunguka mara 4.1. Kwa tairi yenye kipenyo cha sentimita 80 na spidi 80, propela inazunguka kama mara 2,175 kwa dakika. Zidisha kwa mbili, upate mishtuko zaidi ya 4,300 kwa dakika.

FUNDI ANAPOJIFUNGA

Gari likiinuliwa, propela inainama zaidi. Fundi anaingia chini, anaona mwinamo mkali, anaamua kuigeuza pua ya difu iangalie juu, moja kwa moja kwenye giaboksi. Kwa macho inapendeza. Lakini kwa propela ya kawaida yenye krosi moja kila upande, hapo amejifunga. Krosi ya nyuma imenyooka, ya mbele imebaki na pembe kubwa, na hakuna tena wa kumfutia mwenzake makosa.

Kanuni ni moja: shafti inayotoka giaboksi na pua ya difu ziwe sambamba, hata kama haziko kwenye mstari mmoja. Tofauti ya pembe za krosi mbili isizidi digrii moja, na kila pembe ikiwa digrii tatu au chini yake, krosi zinadumu. Ila isiwe sifuri kabisa, maana rola za ndani zinataka kucheza kidogo ili zisile sehemu moja.

Zipo propela zenye krosi mbili zilizobebana upande wa giaboksi. Hizo ndizo pekee ambazo pua ya difu inatakiwa kuielekea propela. Kabla ya kugeuza chochote, angalia kwanza gari lako lina ipi.

JIPIME KABLA YA MECHI

Kwanza, gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta. Likitetemeka hapohapo, shida iko kwenye injini au maunti zake.

Pili, tafuta lami iliyonyooka na tupu huku chini tambarare, si mteremko wa Tukuyu. Fikisha spidi linapotetemeka, kisha toa gia liserereke. Likiendelea kutetemeka, injini haina kesi. Usukani ukicheza, shuku tairi za mbele na balansi yake. Kiti na sakafu vikitetemeka, shuku propela.

Tatu, osha gari. Tope la Kyela likikauka ndani ya ringi au kuganda kwenye propela, linaharibu balansi. Wapo waliobadilisha krosi wakati dawa ilikuwa ndoo mbili za maji.

Nne, zima injini, weka vizuizi kwenye magurudumu, ingia chini na uitikise propela kwa mkono. Krosi ikicheza au ukiona vumbi jekundu la kutu pembeni yake, imekwisha. Usiipige grisi ukidhani itafufuka.

Tano, pima pembe. Simu nyingi za kisasa zinapima mwinamo. Gari lisimame mahali tambarare kwa magurudumu yake yote, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukilipiga jeki difu ikaning'inia, vipimo vyote ni vya uongo.

DAWA YAKE

Kama pua ya difu haiko sambamba na giaboksi, kwa gari lenye springi za vyuma bapa fundi anaweka kabari za chuma kati ya springi na difu, kisha anakaza yubolti upya. Kama ziko sambamba lakini pembe zote ni kubwa, punguza urefu ulioongeza au teremsha kidogo chuma kinachobeba giaboksi. Kama propela imevutika mno kwenye maungio yake, inahitaji kurefushwa na kufanyiwa balansi.

Jambo dogo linalowaponza wengi: propela ikifunguliwa kwenye meno yake ya kuteleza, itiwe alama ya rangi kwanza. Ikirudishwa jino moja pembeni, krosi mbili hazisomani tena, na mtetemo unazaliwa gereji.

SI SUALA LA STAREHE

Krosi ya mbele ikikatika mwendoni, propela inaangukia lami. Inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari, au kuzunguka hovyo na kukata mipira ya breki. Na kwa Land Rover na Land Cruiser za zamani ambazo breki ya mkono inakamata shafti ya propela, ikikatika ya nyuma, breki ya mkono nayo imeondoka. Fikiria hilo kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu, usiku, mvua inanyesha na nyuma kuna watu wamesimama wanaimba.

Pete ya chuma inayoizunguka propela upande wa mbele huizuia isifike chini hata ikikatika. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza.

Kwa hiyo shabiki, kabla hujapanda gari la watu, muulize dereva kama linatetemeka. Akikujibu "limezoea", subiri Kosta. Pointi tatu zinaweza kutafutwa wiki ijayo.