Namna ya Kusafisha Vazi la Ngozi Nyumbani

Mavazi ya ngozi si mambo mageni hapa Ugogo. Zamani wazee wetu walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe, nao walizilainisha kwa kuzisugua na kuzipaka mafuta. Siku hizi ngozi imerudi kwa njia nyingine: makoti ya mitumba, ambayo waendesha pikipiki huyavaa asubuhi za Juni na Julai, wakati upepo wa Dodoma ni baridi. Koti kama hilo hununuliwa kwa fedha iliyopatikana kwa jasho, lakini huweza kuharibika kwa siku moja tu, yaani siku ya kufuliwa. Hutiwa katika beseni lenye sabuni ya unga, kisha huanikwa juani, na jioni huwa gumu kama ubao.

Sababu ni nini? Ngozi si kitambaa. Ni nyuzi nyingi ndogo zilizosukana, nazo huteleza moja juu ya nyingine kwa sababu ya mafuta yaliyotiwa kiwandani. Kabla ya hapo ngozi mbichi hutiwa dawa ili isioze: ama chumvi za madini ya kromi, ama maji ya magome ya miti, kama miwati inayopandwa Njombe. Ukiiloweka ngozi kwa sabuni, mafuta yale hutoka. Ukiianika juani, nyuzi hushikamana, na ngozi hujikunja na kupasuka. Basi maadui wakubwa wa ngozi ni maji mengi, sabuni kali na joto.

Sasa tutazame njia iliyo salama.

Kwanza, soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya koti. Ukiona picha ya beseni lililopigwa mkasi, usilitie majini kamwe. Kisha futa vumbi kwa kitambaa kikavu, maana vumbi letu la kiangazi lina mchanga ukwaruzao ngozi.

Pili, jaribu mahali pasipoonekana, kama chini ya ukosi. Sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka, acha, ukamwulize dobi ajuaye ngozi.

Tatu, tia matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Chovya kitambaa, ukikamue sana, ufute koti sehemu kwa sehemu. Rudia kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kwa kikavu. Bitana yenye jasho nayo ifutwe vivyo hivyo.

Nne, litundike koti kwenye henga pana, kivulini penye upepo. Usiliweke karibu na jiko, wala usilipige pasi.

Tano, likisha kukauka, paka mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kitambaa laini. Mafuta ya alizeti, ingawa ni mengi katika mikoa yetu, hayafai kazi hii. Baada ya muda hunata na kunuka. Dawa ya viatu nayo huchafua shati.

Ngozi yenye vinyweleo vifupi kama mahameli isiguswe na maji wala mafuta. Hiyo hupigwa brashi laini tu, ikiwa kavu.

Tena kuna onyo kubwa. Wako watu wanaoondoa madoa kwa petroli. Petroli hukausha ngozi, na mvuke wake hushika moto hata kama jiko liko mbali kidogo. Hakuna koti lenye thamani ya uhai wa mtu.

Wakati wa masika, kati ya Desemba na Aprili, usilifungie koti sandukuni likiwa na unyevu, kwa maana litaota ukungu. Wala usilifunike kwa mfuko wa plastiki. Lifunike kwa shuka kuukuu, lipate hewa.

Kazi yote hii yataka kikombe kimoja au viwili vya maji, jambo jema katika nchi kavu kama yetu. Mwanafunzi atakayekwenda nyumbani likizo aweza kumfanyia baba au kaka yake kazi hii kwa saa moja, na koti likadumu miaka mingi. Wazee wetu hawakujua habari za kromi, lakini walijua kwamba ngozi isiyopakwa mafuta haikai.